Gobore la shabaha za mbali: dalili, chanzo na tiba

Mlengaji akikosa shabaha iliyo mita 900 mbele, mkono wake wa kwanza huenda kwenye kilengeo. Anakizungusha, anapiga, anakosa, anakizungusha tena, na jioni daftari lake limejaa namba zisizomwambia chochote. Kwa gobore la fataki (kikombe kidogo cha kilipuzi kinachopigwa na nyundo) lenye mifereji ndani ya mtutu, mara nyingi kilengeo hakina kosa. Kosa la juu na chini huzaliwa ndani ya mtutu, na kosa la kulia na kushoto huzaliwa nje yake. Kanuni hii ina kighairi nitakachokitaja, lakini ukianza nayo utaokoa baruti nyingi na muda mwingi.

Maelezo haya yanahusu magobore ya shabaha ya aina iliyokomaa katikati ya karne ya 19: mtutu wa inchi 0.451 (kama milimita 11.5), risasi ndefu ya greni 530 hivi (gramu 34), iliyozungushiwa karatasi au kupakwa mafuta. Tengeneza kitu kimoja kwa wakati mmoja, kisha piga risasi 5 kabla ya kuamua kama kimesaidia. Anayebadilisha baruti, karatasi na kizibo kwa pamoja hajui ni kipi kilichomponya.

Kabla ya dalili yoyote, haya hayana mjadala. Tumia baruti nyeusi peke yake. Baruti isiyo na moshi, hata kijiko kimoja kikichanganywa, inaweza kupasua mtutu. Kiasi cha baruti kisivuke kile alichoweka mtengenezaji wa bunduki hiyo. Baruti ya kila risasi iwe kwenye kichupa chake, ikiwa imepimwa tayari, wala usimimine mtutuni moja kwa moja kutoka kwenye chombo kikubwa: kaa la moto lililobaki ndani linatosha kulipua chombo chote mkononi mwako. Vaa miwani na vizuia sauti. Usipulize mtutu kwa mdomo. Na chora alama mbili kwenye mdeki, yaani ufito wa kushindilia: moja inayoonyesha mtutu mtupu, nyingine inayoonyesha mtutu ulioshindiliwa sawasawa. Alama hizo zitakujibu maswali mengi huko mbele.

Fataki imelia, bunduki imenyamaza

Usianze kutafuta chanzo. Acha mdomo wa mtutu ukielekea shabaha na usubiri dakika 2 kamili, kwa sababu moto unaweza kuwa unatambaa kwenye masizi kuelekea baruti. Usiinamie mdomo wa mtutu, usiigeuze bunduki kumwonyesha jirani. Muda ukiisha weka fataki mpya, lenga, jaribu tena. Ikikataa, subiri tena vilevile.

Kama imetokea kwenye risasi ya kwanza ya siku, chanzo karibu kila mara ni mafuta. Bunduki ilisafishwa, ikapakwa mafuta, ikasimamishwa kabatini mdomo ukiwa juu, na mafuta yakashuka taratibu hadi kwenye njia ya moto. Kinga yake ni rahisi: kabla ya kushindilia chochote, pitisha kitambaa kikavu, kisha lipua fataki mbili mtutu ukiwa mtupu na mdomo wake ukiwa karibu na jani la nyasi. Jani likitikisika, njia iko wazi. Lisipotikisika, usishindilie.

Kama imetokea katikati ya mfululizo, fuata mpangilio huu. Je, fataki haikulia kwanza, kisha ileile ikalipuka nyundo ilipopiga mara ya pili? Basi haikukaa chini vizuri kwenye chuchu, kile kijibomba kinachobeba fataki. Pigo la kwanza lilimaliza nguvu kwa kuisukuma. Kagua mdomo wa chuchu, maana huenda umepondeka na kutanuka. Je, fataki ililia vizuri lakini hakuna kilichofuata? Masizi yameziba kitundu. Pitisha waya mwembamba. Tatizo hili huwapata zaidi wanaofuta mtutu kwa kitambaa kilicholowa sana au kinachobana sana: kinasukuma tope hadi chini badala ya kulitoa.

Ipo sababu ya mwisho ambayo watu huona aibu kuitaja: baruti haikuwekwa. Shusha mdeki taratibu, ukiusimamia kwa vidole na mwili wako ukiwa kando ya mdomo. Alama ya mtutu ulioshindiliwa ikizama ndani, risasi imekalia mtutu mtupu. Njia salama ya kuitoa ni kifaa cha gesi ya kaboni dioksidi kinachobanwa juu ya chuchu, mtutu ukiwa bado umeelekea shabaha, au skrubu ya kuvutia risasi.

*Simama hapa:* kama huna uhakika ndani kuna baruti au hakuna, hesabu kwamba ipo. Usifungue kitako cha mtutu mwenyewe, na kamwe usiupashe moto ili risasi iyeyuke. Mwite msimamizi wa uwanja. Bunduki hiyo ni ya fundi.

Bunduki inayolipuka kwa kuchelewa ina magonjwa hayohayo yakiwa machanga. Usiyavumilie, kwa sababu robo sekunde ya kungoja inatosha kwa mkono kusogea, na kwa umbali huu msogeo mdogo wa mkono unaitoa risasi nje ya ubao.

Risasi inakataa kushuka baada ya kupiga mara chache

Hapa ndipo gobore linapotofautiana kabisa na bunduki za kisasa, na ndipo ningependa mlengaji mpya atumie muda wake mwingi. Baruti nyeusi ikiungua, zaidi ya nusu ya uzito wake haigeuki gesi. Inabaki kuwa vitu yabisi, chumvi za potasiamu na mabaki ya kaboni. Sehemu hutoka na moshi, sehemu hung'ang'ania mtutu. Masizi haya hunyonya maji. Hewa ikiwa na unyevu yanabaki laini kama ugali wa moto; hewa ikikauka na jua likipanda yanageuka ganda. Ndiyo maana mtindo wa kushindilia uliofanya kazi saa 2 asubuhi unakataa saa 7 mchana, na mlengaji analaumu risasi ambazo hazijabadilika.

Kwanza angalia jinsi unavyofuta. Kwa shabaha za mbali futa baada ya kila risasi: kitambaa kimoja chenye unyevu, si kinachochuruzika, kishuke hadi mwisho na kurudi, kisha kikavu, vivyo hivyo. Idadi ya mapito iwe ileile kila mara. Mchana mkavu ukibana, ongeza kitambaa cha pili chenye unyevu, lakini kiongeze kwa risasi zote zinazobaki, si kwa ile tu iliyokupa shida.

Halafu angalia mafuta. Mafuta ya petroli, yale ya injini na mashine, yakiungua pamoja na baruti nyeusi huacha kitu kama lami. Kwa kulainisha masizi, mchanganyiko wa nta ya nyuki na mafuta ya wanyama au ya mimea hufaa zaidi. Mtu aliyeutunza mtutu kwa mafuta ya injini ayaondoe yote kabla ya siku ya kupiga.

Baada ya hapo ndipo uishuku karatasi. Karatasi ikinunuliwa mpya inaweza kuwa nzito kidogo kuliko ya zamani, na kwa kuwa risasi huzungushiwa mara 2, tofauti hiyo inajirudia pande zote. Pima kipenyo cha risasi iliyokwisha kuvikwa. Ikiwa yote haya yako sawa na bado kuna sehemu moja ya mtutu inayobana kila mara, palepale, kitambaa kikikwaruza kwa ukavu, hiyo ni kutu iliyochimba chuma. Kusafisha hakutaiponya; mtutu upimwe na fundi.

*Simama hapa:* risasi ikikwama katikati, usiipige "ili itoke". Nafasi ya hewa kati ya baruti na risasi huifanya risasi iwe kizuizi, na mtutu unaweza kuvimba au kupasuka. Wala usigonge mdeki kwa nyundo ukiwa umeinamia mdomo. Ondoa fataki kama ipo, mwambie msimamizi, uiweke bunduki kando ikiwa imeelekea upande salama, kisha baruti iloweshwe kabla risasi haijavutwa.

Matundu yamejipanga juu na chini

Kundi jembamba lililorefuka wima lina maana moja kwanza: risasi zinatoka kwa kasi tofauti. Risasi ya greni 530 inayotoka kwa karibu mita 400 kwa sekunde huchukua zaidi ya sekunde 3 kufika mita 900, na muda wote huo inaanguka. Tofauti ya kasi ya asilimia 1 tu inaweza kubadilisha kimo chake kwa karibu nusu mita. Hakuna kilengeo kinachotibu hilo.

Sababu ya kwanza ni masizi yasiyolingana, na tiba yake umeisoma hapo juu. Sababu ya pili ni jinsi baruti inavyolala. Ukiimwaga haraka, punje hukaa ovyo. Ukiimimina taratibu kupitia bomba refu linalofika karibu na chini ya mtutu, hukaa kwa mpangilio ule ule kila mara na haishiki kwenye kuta zenye unyevu. Wapo wanaohangaika kupima baruti hadi sehemu ya kumi ya greni na kisha wanaimwaga kwa haraka. Bora umiminaji sawa wa kiasi kilichopimwa vizuri tu.

Sababu ya tatu ni mkono kwenye mdeki. Risasi iguse baruti na kuibana kidogo, kwa nguvu ileile. Anayesukuma kwa upole risasi 3 za kwanza na kukandamiza za mwisho kwa sababu amechoka, atauona uchovu wake kwenye ubao. Alama ya mdeki ikitofautiana kwa zaidi ya milimita 1 au 2, tafuta kwa nini kabla ya kupiga.

Kama hizo tatu ziko sawa, kagua chuchu. Kitundu chake kikiwa kipya huwa na upana wa kama milimita 0.7. Moto hukila. Kikitanuka, gesi hurudi nyuma, kasi inayumba, na kundi linarefuka polepole kwa wiki nyingi bila mlengaji kugundua. Jaribu kupitisha kijiti cha kutobolea matundu cha milimita 0.9; kikiingia bila kulazimishwa, badilisha chuchu. Ni kitu cha bei ndogo kuliko vyote kwenye bunduki, na wengi hukibadilisha mwisho. Zipo zenye kitundu cha platinamu ambazo hudumu zaidi.

Kighairi cha kanuni yangu kiko hapa: mwanga. Jua likitoka mawinguni na kuangaza kilengeo cha mbele kutoka juu, jicho hukiona tofauti na kundi huhama wima ingawa kasi haijabadilika. Kofia ndogo ya kukinga kilengeo humaliza tatizo.

Ukitaka kujua kama kosa ni la bunduki au la mwili wako, iweke bunduki kwenye egemeo. Tarehe 2 Julai 1860, katika ufunguzi wa mashindano ya kwanza ya kulenga shabaha ya Wimbledon, Uingereza, Malkia Victoria alipiga risasi ya kwanza kwa bunduki ya mhandisi Mwingereza Whitworth iliyofungwa kwenye egemeo la chuma, yadi 400 kutoka shabahani, akivuta uzi tu. Ilitua sentimita chache kutoka katikati. Mkono wa mtu ukiondolewa, chuma husema ukweli wake. Egemeo la mifuko ya mchanga linatosha kwetu.

Matundu yametawanyika kulia na kushoto

Upepo kwanza. Risasi hizi hushuka chini ya kasi ya sauti ndani ya theluthi ya kwanza ya safari, na katika theluthi mbili zinazobaki huelea angani kwa sekunde kadhaa. Upepo mwepesi unaoonekana kuwa si kitu unaweza kuzisogeza zaidi ya mita 1. Usitazame bendera moja. Tazama za karibu, za katikati na za mbali, pamoja na mawimbi ya joto kwenye darubini, kisha chagua hali moja na uipige hiyo tu. Ikibadilika ukiwa tayari umelenga, shusha bunduki. Kungoja ni sehemu ya mchezo huu, na saa ya mashindano huwa na nafasi ya kungoja kuliko watu wanavyodhani.

Sababu ya pili ni kuinamisha bunduki pembeni bila kujua. Chukua bunduki inayohitaji mwinuko wa dakika 130 za pembe (dakika 60 ni nyuzi 1) kwa mita 900. Mwinuko huo ni sawa na kulenga mita 34 juu ya shabaha. Ukiiinamisha kulia kwa nyuzi 1 pekee, sehemu ya mwinuko huo inageuka kuwa ya pembeni: karibu sentimita 60. Jicho halioni nyuzi 1, hasa kwenye ardhi yenye mteremko. Pimamaji ndogo kwenye kilengeo cha mbele ndiyo dawa, na itazamwe mwisho kabisa kabla ya kufyatua.

Kisha shika kila kitu kwa mkono: kilengeo cha nyuma, skrubu za mkia wa mtutu, kabari zinazoushikilia mtutu kwenye mti. Kilengeo kinachocheza hata kidogo hakifai. Kundi likiwa dogo lakini limekaa kando palepale, basi hapo tu ndipo unaruhusiwa kuzungusha kilengeo.

Tundu la risasi ni refu, si la mviringo

Risasi inafika kwa ubavu. Mara nyingi ni ndefu kuliko msokoto wa mifereji unavyoweza kuituliza. Kanuni ya Greenhill ya mwaka 1879 inatosha kwa risasi za metali ya risasi tupu: zidisha 150 kwa kipenyo mara kipenyo, gawanya kwa urefu wa risasi. Kwa kipenyo cha inchi 0.451 na urefu wa inchi 1.4 unapata msokoto wa mzunguko mmoja kila inchi 22 hivi. Whitworth alichagua inchi 20, na ndiyo maana risasi zake ndefu zilitulia. Enfield ya 1853, bunduki ya jeshi la Uingereza, ina mzunguko mmoja kila inchi 78. Imeundwa kwa risasi fupi yenye shimo nyuma, na kuilazimisha ibebe risasi ndefu ni kupoteza baruti.

Kama risasi ileile ilikuwa sawa zamani, okota karatasi zilizoanguka mbele ya mstari wa kupigia, baada ya uwanja kutangazwa salama. Vipande vidogo vilivyokatwa safi na mifereji ni dalili njema. Vilivyoungua kingo vinasema gesi inapita pembeni mwa risasi: kizibo kati yake na baruti ni chembamba au risasi ni nyembamba. Usipoona karatasi kabisa, huenda zinasafiri na risasi, na hilo peke yake linaiharibu njia yake. Hakikisha pia mchanganyiko wa metali. Risasi laini mno hupinda pua inapoanza kusukumwa; sehemu 1 ya bati kwa 20 hadi 30 za metali ya risasi huzuia hilo bila kuifanya iwe ngumu kupanuka kwenye mifereji.

Inawezekana pia matundu yakawa ya mviringo mita 300 na marefu mita 900. Risasi iliyotulia kwa shida huyumba inaposhuka kupita kasi ya sauti. Ifupishe kidogo.

*Simama hapa:* ikifika kwa ubavu kwenye mita 200, usiipige mbali zaidi. Huna namna ya kujua itaangukia wapi, na tuta la nyuma limejengwa kwa risasi zinazofuata njia.

Hakuna tundu lolote

Angalia ubao wa jirani kabla ya kitu kingine. Creedmoor, New York, tarehe 26 Septemba 1874, timu ya Ireland yenye magobore ya Rigby ilishindana na Wamarekani wenye bunduki za kujazia nyuma, kwa yadi 800, 900 na 1000. Mlengaji mmoja wa Ireland, Milner, alipiga katikati kabisa ya ubao usio wake, na akapewa sifuri. Timu yake ilishindwa kwa alama 931 dhidi ya 934. Mlengaji wa mbali anapaswa kusoma namba ya ubao wake kila risasi.

Kama jirani hana tundu la ziada, rudi mita 300, hakikisha kundi lipo, kisha panda kwa hatua. Bila mtu wa kukuonyesha vumbi linaporuka, usiendelee kupiga ukikisia.

Risasi ya kwanza huenda kwake peke yake

Hii si kasoro. Mtutu safi hauwi kama mtutu uliokwisha kupigwa. Piga risasi moja ya kuuchafua, futa kama kawaida, kisha anza kuhesabu.

Nyundo inarudi nyuma, au gesi inakuchoma uso

Chuchu imetanuka, au nyuzi zake zimelegea, au kamani ya nyundo imechoka. Badilisha chuchu kwanza. Vipande vya fataki vikiruka usoni licha ya chuchu mpya, acha kupiga siku hiyo.

Baada ya hapo tazama ndani ya mtutu ukiwa mtupu na umesafishwa, kwa taa, na pitisha kitambaa kinachobana. Kikilegea ghafla sehemu moja kisha kikabana tena, au ukiona pete ya kivuli ndani, mtutu umevimba. Moshi ukionekana kutoka kwenye kiungo cha kitako cha mtutu, au skrubu ya chuchu ikizunguka bila kushika, ni hali hiyohiyo. Hakuna dawa ya nyumbani hapa, wala kupunguza baruti si dawa. Bunduki iende kwa fundi mwenye leseni anayejua magobore, ikiwa haina fataki wala baruti, na karatasi imefungwa kwenye kifyatulio ikieleza ulichokiona.